Habari za Maisha ya Bibi Ida Scudder, Daktari wa Vellore

Mwezi huu twataka kuwapasha habari za mwanamke mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake lajulikana sana katika nchi ya India, ile ambayo wazee wetu waliiita Bara Hindi. Jina lake ni Ida Sophia Scudder. Alikuwa daktari, na kazi yake aliifanya katika mji wa Vellore na katika vijiji vinavyouzunguka, tangu mwaka 1900 hata alipokuwa mzee wa miaka sabini na zaidi. Hakuwa Mlutheri, alizaliwa na kulelewa katika Kanisa la Reformed la Marekani. Lakini Walutheri wamo katika makanisa yaliyoshirikiana naye baadaye, na kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine mtakazoziona wenyewe, twaona vema habari zake zisomwe katika sharika zetu, hasa penye akina mama.

Ukoo wake ulikuwa ukoo wa wamisionari. Babu yake, John Scudder, alikuwa daktari mjini New York mwenye wagonjwa wengi na mapato mazuri. Siku moja, alipokuwa nyumbani kwa mgonjwa, alisoma kijitabu kilichoeleza habari za mataifa wasiolisikia Neno. Akaacha kazi yake, akasafiri pamoja na mkewe hata kisiwa cha Ceylon, ndicho kiitwacho sasa Sri Lanka. Huo ulikuwa mwaka 1819, naye ndiye daktari wa kwanza aliyetumwa na makanisa ya Marekani kwenda ng'ambo kuihubiri Injili na kuponya. Wanawe saba walimfuata katika kazi hiyo. Mmoja wao, aitwaye John kama baba yake, alikuwa daktari pia, na ndiye baba wa Ida. Bibi huyu alizaliwa Ranipet, karibu na Vellore, tarehe 9 Desemba 1870.

Mtoto aliyezaliwa katika ukoo wa namna hii watu humtazamia aingie kazi ile ile. Ida hakutaka. Tena alikuwa na sababu. Alipokuwa mtoto mdogo, njaa kuu ya miaka ya 1876 hata 1878 iliishukia nchi ile ya kusini, ikaua watu kwa mamilioni. Wazazi wake waliwagawia watoto chakula katika ua wa nyumba yao, na Ida aliwekwa kuwatia vipande vya mkate vinywani wale ambao hawakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Aliona maiti njiani. Mwaka 1878 jamaa yote wakaenda Marekani kupumzika. Baada ya miaka michache baba akarudi India, kisha mama naye akamfuata mumewe, na binti akaachwa Chicago kwa jamaa zao. Machozi ya kuachwa hayo hakuyasahau. Akasoma katika shule ya wasichana ya Northfield, iliyoanzishwa na mhubiri Moody, akawa msichana mchangamfu, mpenda michezo na mzaha, na katika moyo wake alikwisha kukata shauri: India si nchi yake, atakaa Marekani, ataolewa, ataishi maisha ya raha kama rafiki zake.

Mwaka 1890 ikaja habari kwamba mama yake ni mgonjwa huko Tindivanam, walikokuwa wakikaa wakati ule. Ida akasafiri kwenda kumwuguza, naye alikusudia kukaa muda mfupi tu na kurudi.

Basi usiku mmoja alikuwa peke yake chumbani, akisikia hatua za mtu barazani. Akatoka, akamkuta kijana wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la makuhani, ambalo Wahindu hulihesabu kuwa juu ya matabaka yote. Mke wake, ambaye kwa miaka alikuwa mtoto bado, alishikwa na utungu, na wakunga wameshindwa. Akamsihi Ida aende pamoja naye. Ida akamweleza kwamba yeye hana elimu ya uganga hata kidogo, bali baba yake ni daktari stadi, naye atakwenda mara moja. Yule kijana akakataa. Kwa desturi ya nyumba yake, hapana mwanamume mgeni awezaye kuutazama uso wa mkewe, sembuse kumgusa. Kuliko aibu ile ni afadhali afe. Akaenda zake. Baada ya saa chache akaja mtu wa pili, huyu Mwislamu, na shida yake ilikuwa ile ile. Ida akamletea baba yake amwone, lakini naye akakataa kwa sababu ile ile, kwa kuwa wake zao huwekwa utawani. Kisha akaja wa tatu, Mhindu wa tabaka jingine, naye akaenda vilevile bila msaada. Ida hakulala usiku kucha. Asubuhi akasikia ngoma za maziko zikipita njiani, akatuma mtumishi aulize, akaletewa jibu kwamba wanawake wote watatu wamekufa.

Wako wasomaji watakaowalaumu waume hawa kwa haraka. Sisi hatuoni hivyo. Mtu asiyempenda mkewe hatoki nyumbani usiku wa manane kwenda kupiga hodi kwa mgeni wa dini nyingine na kumsihi binti asiyemjua. Walikuja kwa sababu waliwapenda wake zao, wakaenda zao kwa sababu desturi iliwafunga wao kama ilivyowafunga wake zao. Na jambo lililo zito kuliko yote ni hili: daktari alikuwako. Alikuwa chini ya dari ile ile, amevaa viatu tayari, na mfuko wa vyombo vyake mkononi. Elimu ya kuwaokoa wanawake wale ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na haikuwafaa neno, kwa kuwa ilikuwa katika mikono isiyoruhusiwa kuwagusa. Hilo ndilo alilolielewa Ida asubuhi ile, na twaamini ya kuwa kazi yake yote ilitoka hapo. Akaingia kwa wazazi wake, akawaambia kwamba atarudi Marekani kujifunza udaktari, kisha atakuja kuwatibu wanawake wa India.

Mwaka 1895 akaingia chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia. Chuo hicho kilikuwa kimekwisha kumfundisha Anandibai Joshi, binti wa Kibrahmini kutoka Bara Hindi, aliyepata cheo cha daktari mwaka 1886, naye akafa kwa kifua kikuu mwaka uliofuata, kabla hajaanza kazi nchini kwake. Katika chuo hicho hicho alisoma pia Mlutheri mwenzetu, Bibi Anna Kugler, aliyetumwa na akina mama wa Kilutheri wa Marekani hata Guntur, katika nchi ya Watelugu, mwaka 1883, akajenga hospitali huko na kuitumikia hata kufa kwake mwaka 1930. Twawataja hawa ili msidhani kwamba Ida alikuwa wa kwanza. Wa kwanza hakuwa. Daktari mwanamke wa kwanza wa misioni, Bibi Clara Swain, alifika India mwaka 1870, mwaka ule ule aliozaliwa Ida. Lakini hao wote walikuwa wachache mno kwa nchi yenye watu mamia ya mamilioni. Ida alimaliza masomo yake katika chuo cha Cornell mjini New York mwaka 1899, katika darasa la kwanza la chuo kile lililopokea wanawake.

Kabla hajasafiri, misioni yake ilimpa ruhusa ya kutafuta dola 8,000 za kujenga hospitali ndogo ya wanawake. Siku zilikuwa chache, na kila alipoomba alipata kidogo sana. Hatimaye alikwenda kwa bibi mmoja tajiri akamweleza habari za usiku ule wa Tindivanam, wala hakujua kwamba katika chumba cha pili mzee mmoja, mwenye benki, Bwana Schell, alikuwa akisikiliza kila neno. Kesho yake mzee yule akamwita, akampa dola 10,000, hospitali ijengwe kwa ukumbusho wa mkewe marehemu. Ida akafika India siku ya kwanza ya mwaka 1900, pamoja na rafiki yake Annie Hancock, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungukia nyumba za wanawake na kuwafundisha Neno la Mungu.

Alitazamia kufanya kazi miaka kadha chini ya uongozi wa baba yake. Haikuwa hivyo. Baba yake akafa mwaka ule ule wa 1900, kabla ya nusu ya mwaka kupita, na yule daktari kijana akaachwa peke yake katika mji wa watu wengi wasiomwamini. Walikwenda kwa wingi kwa baba. Kwa binti hawakuja. Siku za kwanza alikaa na chupa zake za dawa chumbani mwa nyumba ya misioni, na mlango wazi, wala mtu haingii. Waliokuja kwanza ni wale waliokwisha kukata tamaa kila mahali, na baadhi yao walikufa mikononi mwake, jambo ambalo halikumwongezea sifa. Lakini polepole wakaja wengine, kwanza wenye macho mabaya, kisha wenye vidonda, kisha wakina mama wenye mimba. Katika miaka miwili aliwatibu watu 5,000 katika chumba kile na baraza yake. Mwaka 1902 hospitali ya Schell ikafunguliwa, yenye vitanda 40.

Sasa twafika penye jambo ambalo twapenda hasa mlitazame. Daktari mwenye hospitali mpya ya vitanda 40, iliyojaa wagonjwa kila siku, angeweza kukaa humo maisha yake yote wala hapana ambaye angemlaumu. Ida aliona kwamba wanaofika hospitalini ni wale wawezao kufika. Mkulima hawezi kuacha shamba na ng'ombe ili ampeleke mkewe mwendo wa siku mbili. Na mkoma hapandi gari pamoja na watu wengine. Basi tangu mwaka 1906 alianza kwenda mwenyewe siku moja kila juma, kwa gari la ng'ombe, hata vijiji vya njia ya Gudiyattam, mji ulio maili zaidi ya ishirini upande wa magharibi. Mwaka 1909 alipewa motokaa ya Kifaransa iitwayo Peugeot, yenye silinda moja, ambayo kwa ngurumo yake iliwakimbiza watu mashambani mara ya kwanza walipoiona. Walidhani ni shetani mwenye magurudumu. Baadaye ngurumo ile ile ikawa ndiyo kengele ya kuwaita.

Kazi ilifanyika chini ya miti mikubwa kando ya njia. Watu walijua siku na mti wao. Walipofika asubuhi waliwakuta wagonjwa wamekaa safu safu kivulini: watoto wenye macho yaliyojaa usaha, wazee wenye donda ndugu, wenye majipu, wenye homa, wenye meno ya kung'olewa, na wakoma mbali kidogo peke yao. Daktari na wauguzi wake waliosha, walifunga, walipasua majipu pale pale, walitoa dawa. Na wagonjwa waliozidiwa walichukuliwa kwa motokaa hata Vellore wakati wa kurudi. Kisha wakaenda mti wa pili, na wa tatu, wakarudi usiku. Wakati wa kungoja, mwanamke mwinjilisti aliwasimulia wagonjwa habari za Bwana Yesu. Na kila mtu alitibiwa, akisikiliza au asisikilize. Walimu wetu wa vijijini watafahamu kwa nini twalitaja jambo hilo. Kazi hiyo ya kando ya njia haikukoma Ida alipozeeka. Wanafunzi wake waliiendeleza, na kila mwanafunzi wa Vellore alipelekwa huko ili aone jinsi watu wanavyokaa, wanywavyo maji, na sababu ya magonjwa yao.

Lakini hata kwa motokaa daktari mmoja ni mmoja tu. Usiku ule wa Tindivanam walikuja watu watatu. Kama Ida angekuwa daktari tayari usiku ule, angekwenda kwa mmoja, na wawili wangekufa. Hesabu hiyo ilimsumbua. Hata kama wangetoka Marekani madaktari wanawake mia, wasingeitosha nchi ile. Tena mgeni huwa mgeni: lugha yake nzito, desturi zake ngeni, na siku moja hurudi kwao. Ilipasa binti za India wenyewe wafundishwe. Alianza kwa wauguzi, na mwaka 1909 chuo chao kikasimama. Kazi ya uuguzi ilidharauliwa mno wakati ule, kwa kuwa kugusa damu na uchafu wa mtu mwingine ni unajisi kwa watu wa matabaka ya juu. Waliokubali kwanza walikuwa wasichana wa Kikristo na wajane.

Kisha akataka chuo cha madaktari. Wengi walicheka. Mkuu wa mambo ya uganga katika serikali ya Madras hakumkataza, lakini alimwonya asitazamie wanafunzi wengi. Wakipatikana 6, na aanze. Yalikuja maombi mengi kupita nafasi. Tarehe 12 Agosti 1918 chuo kikafunguliwa katika nyumba za kupanga, vyombo vichache, vitabu vichache, na Ida mwenyewe akifundisha saa za asubuhi na kupasua wagonjwa saa za mchana. Wasichana hawa walisoma kwa Kiingereza, lugha isiyo yao, kazi ambayo hapana aliyeamini kwamba wataiweza. Hata walipokwenda Madras kufanya mtihani wao wa kwanza wa serikali, pamoja na wanaume wa vyuo vingine, walionywa wasikate tamaa wakishindwa wote. Wanaume wengi walishindwa. Wasichana wa Vellore walifaulu wote. Mwaka 1922 wasichana 14 wa darasa lile wakamaliza masomo, wakaenda kufanya kazi.

Chuo kilihitaji fedha. Katika kazi hii alipata msaidizi mwenye nguvu, Bibi Lucy Peabody, mjane wa Kibaptisti wa Marekani, kiongozi wa vyama vya akina mama vya misioni. Bibi huyu aliwaongoza wanawake wa makanisa kukusanya fedha kwa ajili ya vyuo saba vya wanawake katika India, China na Japani. Mfuko wa jamaa ya Rockefeller uliahidi dola milioni moja, kwa sharti kwamba wanawake wenyewe wakusanye milioni mbili. Wakakusanya, mwisho wa mwaka 1922 na mwanzo wa 1923, wengi wao kwa senti walizoweka akiba jikoni. Kwa fungu la Vellore ilijengwa hospitali kubwa mjini, na chuo kipya kikajengwa mahali paitwapo Bagayam, chini ya vilima, maili chache nje ya mji. Mwaka 1928 Mahatma Gandhi alikuja kukitembelea chuo. Neno kuu la chuo limetolewa katika Injili ya Marko, sura ya 10, mstari wa 45. Msomaji mwenye Biblia na aufungue.

Pamoja na Ida alikaa rafiki yake Gertrude Dodd wa New York, mwanamke mwenye mali, aliyekuja kumzuru, akabaki miaka mingi, akitunza vitabu vya hesabu na kuwalipia karo wasichana maskini. Watu wa namna hii hutajwa kwa nadra, lakini kazi nyingi za Mungu zingekufa kama si wao. Ida mwenyewe alibaki mtu wa furaha. Alicheza tenisi hata alipopita miaka sitini, na vijana waliokubali kucheza naye kwa ajili ya heshima tu walitoka uwanjani wamechoka na wameshindwa.

Jaribu kubwa lilikuja wakati ambapo wengine hupumzika. Mwaka 1938 serikali ya Madras iliamuru kwamba cheo cha daktari wa daraja la chini, ambacho Vellore ilikuwa ikikitoa, kiishe. Tangu hapo kila chuo cha udaktari sharti kiwe cha daraja la chuo kikuu, chenye walimu wenye vyeo vya juu, maabara, na vitanda vingi zaidi. Ida alikuwa na miaka 67. Fedha hazikuwako, na baada ya muda mfupi vita vikazuka. Likaja shauri kutoka misioni nyingine: wao nao walitaka chuo kimoja cha Kikristo kwa India yote; kama Vellore itakubali kupokea wanaume pamoja na wanawake, wataunganisha nguvu na mali zao zote hapo, nacho kitasimama.

Bibi Peabody akakataa kabisa. Fedha zile, alisema, zilitolewa na wanawake kwa ajili ya wanawake. Kuwaingiza wanaume ni kuvunja ahadi waliyopewa watoaji, na mwisho wake wanaume watashika nafasi zote. Ndugu wasomaji, msidhani kwamba maneno hayo yalikuwa ya ukaidi tu. Alikuwa na haki ndani yake. Kwa miaka arobaini Ida mwenyewe alisimama mbele ya makanisa akieleza habari za wanawake watatu waliokufa kwa kukosa daktari mwanamke, na kila senti ilitolewa kwa sababu hiyo. Ilimpasa sasa kuchagua: kulishika neno la kwanza na kukiona chuo kikifa, au kulilegeza neno lile ili wasichana waendelee kusoma, ijapokuwa pamoja na wavulana. Alikaa muda mrefu katika sala na mashaka. Mwisho akakubali muungano, na urafiki wake na Bibi Peabody, uliodumu zaidi ya miaka ishirini, ukavunjika. Sisi twaona alichagua vema, lakini hatuwezi kusema kwamba hakulipa.

Mwaka 1941 akasafiri tena kwenda Marekani, katika hatari ya vita, mwanamke wa miaka sabini, akazunguka mji kwa mji akiomba fedha na walimu. Mwaka 1942 chuo kikaungana na Chuo Kikuu cha Madras. Mwaka 1947, mwaka wa uhuru wa India, wavulana wa kwanza wakaingia. Wasichana hawakufukuzwa, wala nafasi zao hazikupotea kama ilivyohofiwa. Na miongoni mwa viongozi wakuu wa kwanza wa Vellore baada ya Ida alikuwa Hilda Lazarus, daktari mwanamke, Mhindi, mtu wa nchi ile yenyewe. Katika miaka ile pia alikuja Paul Brand, aliyepata njia ya kupasua na kunyosha vidole vya wakoma vilivyokunjamana, hata waweze kushika jembe na kalamu tena. Walikuwa watu wale wale waliokaa mbali peke yao chini ya miti ya Gudiyattam.

Ida alistaafu mwaka 1946, akakaa katika nyumba yake huko Kodaikanal, milimani penye baridi, akipokea wageni na kuandika barua. Yasimuliwa kwamba barua moja kutoka ng'ambo, iliyoandikwa juu yake jina la Daktari Ida, India, bila mji wala mtaa, ilimfikia bila kupotea. Alikufa Mei 1960, mwenye umri wa miaka 89. Mwaka 2000, miaka mia baada ya kufungua mlango wa chumba kile cha dawa, serikali ya India ilitoa stampu ya ukumbusho wa kazi yake.

Hospitali ya Vellore leo ina vitanda zaidi ya 2,000, na madaktari wake walikuwa wa kwanza katika India kufaulu kupasua moyo uliofunguliwa, mwaka 1961, na kufaulu kumtia mgonjwa figo ya mtu mwingine, mwaka 1971. Katika Uingereza na kwingineko viko vyama vya Marafiki wa Vellore, ambavyo hukusanya fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini kama mtu angetuuliza matunda ya Ida yaonekane wapi, tusingemwonyesha majumba yale kwanza. Tungemwonyesha Jamkhed.

Jamkhed ni mji mdogo katika nchi kavu ya Maharashtra, mbali sana na Vellore. Rajanikant Arole na Mabelle mkewe, waliosoma pamoja udaktari huko Vellore na kumaliza mwaka 1959, waliapa siku ya arusi yao kwamba watakwenda kwa watu wa vijiji ambao hapana awajaliye, na mwaka 1970 wakaanza kazi Jamkhed. Waliona upesi kwamba watu hufa kwa maradhi ambayo hayahitaji daktari: kuhara kwa watoto, utapiamlo, maji machafu, kitovu kukatwa kwa wembe mchafu. Walijaribu kuweka wauguzi vijijini, lakini kazi haikuenda. Muuguzi aliyesoma mjini alikuwa mgeni kijijini kama daktari. Ndipo wakaviambia vijiji vichague vyenyewe mwanamke mmoja mmoja. Wengi waliochaguliwa hawakujua kusoma. Wengine walikuwa wa matabaka ambayo hapo kwanza hayakuruhusiwa kuteka maji katika kisima cha wengine. Walifika Jamkhed kila juma kufundishwa, wakarudi kwao. Walijifunza kupima uzito wa watoto, kuchanganya chumvi na sukari katika maji kwa mtoto anayehara, kuwatambua wakoma mapema na kuwapa dawa bila kuwafukuza, kunawa mikono na kuzalisha kwa usafi, na kutambua mapema uzazi unaotaka kuharibika, ili mama apelekwe hospitalini kabla ya utungu kumzidia.

Vifo vya watoto wachanga vikapungua sana katika vijiji vile, na watu kutoka nchi nyingi wakaja kujifunza kwao. Bibi Mabelle alikufa mwaka 1999, na mumewe mwaka 2011. Kazi ikaendelea mikononi mwa binti yao na ya wale wanawake. Mwanamke wa kijiji alipoamka usiku kwa utungu, mumewe hakuhitaji tena kutembea hata nyumba ya wageni. Alikwenda kupiga hodi mlango wa jirani, na aliyetoka alikuwa mwanamke wa kwao, mwenye lugha yao, amechukua kipande cha sabuni, uzi na wembe mpya.